Mbwa Aliyenyamazishwa

Siku mbwa Duman aliponguruma kwa mara ya mwisho, watu walimpongeza Dursun. Alikuwa amempiga kwa fimbo ya kuchungia mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mbwa amelalia tumbo, na majirani wawili waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walisimama kutazama mpaka mwisho.

"Hivyo ndivyo," mmoja alisema. "Mbwa amjue mwenye nyumba."

Kosa la Duman lilikuwa moja, na alilirudia tangu theluji ianze kuyeyuka: kila mara mtoto wa nyumba alipomshika shingoni, alinguruma. Mtoto mwenyewe ni Selvi, binti pekee wa Dursun, wa miaka minne. Kwake yeye, kumkumbatia mbwa shingo yote ndiyo ilikuwa salamu. Dursun alimpiga Duman mara ya kwanza, akampiga mara ya pili, na baada ya kipigo cha siku ile ya kuni mbwa hakunguruma tena. Jioni hiyo Dursun alinywa chai mkahawani akijiona mtu.

Na mtu asidhani kwamba hakumjua mbwa wake. Dursun alikuwa mchungaji wa kijiji. Kila nyumba ilimkabidhi kondoo wake, naye akapanda nao malisho ya juu majira ya joto, akashuka nao baridi inapobisha hodi. Huko juu, yeye akiwa kilima hiki na mbwa akiwa kilima kile, alitazama mkia tu akajua habari. Ukijikunja juu ya mgongo na kukaza, mbwa mwitu wako karibu. Ukitikisika kidogo kwenye ncha, anakuja mchungaji wa kijiji jirani, bora kuteleka chai. Watu walimsifu kwa hilo, na sifa ilikuwa ya haki. Lakini huko ni kazini. Nyumbani Dursun alitaka mbwa anayekaa akiambiwa kaa, basi, asiwe na lake la kusema.

Masikio nayo Duman hakuwa nayo. Huku kwetu milima ya Sivas mbwa wa kondoo hukatwa masikio angali mtoto, ili mbwa mwitu asipate pa kung'ata, na wakati wa baridi huvalishwa kola ya chuma yenye miba mirefu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyemtazama Duman usoni aliona macho, pua nyeusi na chuma. Masikio ambayo yangelala nyuma yakasema jambo yalikuwa yameshaliwa na kunguru zamani.

Aliyekuwa akimtazama ni Yeter, mke wa Dursun. Yeye ndiye aliyempikia uji wa shayiri asubuhi na jioni, na mtu anayelisha huona mengi.

"Baba Selvi," alisema siku moja uani, "huyu mbwa ana nini? Mtoto akimkaribia tu, anapiga miayo."

"Ana usingizi. Amekesha na kundi."

"Na kujilamba pua je? Hajala kitu, anajilamba. Halafu anageuza uso pembeni kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Jana niliona weupe wa macho yake, hivi..."

Akayageuza macho yake kuonyesha. Mama mkwe wake, Bibi Sultan, aliyekuwa akichambua dengu kwenye jua, alicheka mpaka dengu zikamwagika.

"Bi harusi, umeanza kupigia mbwa ramli?" Yeter alikuwa na mwaka wa sita katika nyumba ile na bado aliitwa bi harusi. "Mnyama najisi, malaika hawaingii alipo, wewe kazi yako kumtazama pua! Tazama sufuria yako, maziwa yanafurika."

Kweli yalikuwa yanafurika. Yeter alikimbilia jikoni, nyuma yake mume na mama mkwe wakicheka, na ili asionekane mwenye kununa naye akacheka.

*

Siku ya kupandisha kundi ilipokaribia, kijiji kizima kilikusanyika kwenye uwanja wa kisima kuwapamba kondoo, kama ifanyikavyo kila mwaka. Madume walipakwa hina kwenye paji la uso, watoto wakawafunga kondoo vishada vya sufu nyekundu na shanga za buluu za kuzuia kijicho. Wanawake walikuwa na sinia za chapati nyembamba na jibini, wazee wamevaa makoti ya Ijumaa. Duman alikuwa amelala kivulini mwa ukuta na kola yake shingoni. Ilipaswa kuvuliwa tangu theluji ilipokwisha, lakini Dursun aliiacha, kwa sababu miba yake miwili ilikuwa imepinda katika pigano na mbwa mwitu wakati wa baridi, na watu walipenda kuitazama.

Selvi alikuwa na kishada kimoja kilichobaki. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa Duman.

Yeter alimwona. "Selvi! Rudi hapa!"

"Mwache," alisema Haydar, mwenyekiti wa kijiji, mdomo umejaa jibini. "Mwache ampambe. Naye si mfanyakazi? Dursun, si ulisema huyu hangurumi siku hizi?"

"Hangurumi," Dursun alijibu, na akaongeza kwa sauti ili wote wasikie, "ukitaka kamvute hata ulimi."

Watu walicheka. Selvi akapiga magoti, akaingiza vidole vyake chini ya kola kutafuta pa kufungia. Mbwa alipiga miayo. Akajilamba pua, akageuza uso ukutani, mwili wote ukakauka. Yeter alikuwa ameshaanza kukimbia, sinia imeanguka. Hakukuwa na sauti yoyote. Kilichofuata ni kilio cha mtoto, na mkono wake ndani ya mdomo wa mbwa, chini kidogo ya kiwiko.

Duman aliuachia mara moja na kurudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Pale alijikunja, akikojoa. Wanaume walimwendea na mawe, na baadhi ya mawe yalimpata.

*

Kwenye hospitali ya mjini walimshona Selvi nyuzi nyingi na kumchoma sindano ya kichaa cha mbwa, na nyingine zilikuwa zinamngoja. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu, aliwauliza maswali yake bila kuinua uso.

"Mbwa mmemuua?"

"Bado," alisema Dursun. "Nikirudi tu."

"Msimuue. Mfungeni peke yake, mumwangalie siku kumi. Akibaki mzima, tunajua hana kichaa. Mkimuua leo hatutajua kitu." Akaandika. "Alikuwa mgonjwa? Alibadilika?"

"Hapana. Mbwa mzuri kabisa."

"Alinguruma kabla ya kuuma?"

"Huyo hangurumi," Dursun alisema, na mazoea yakamfanya aseme kama zamani, kwa fahari. "Nilimfundisha."

Muuguzi aliinua uso, akamtazama kidogo, akarudi kwenye kuandika. Lakini Yeter, mtoto amelala mapajani mwake, aliyasikia maneno yale ya mumewe kana kwamba ndiyo kwanza yanasemwa.

*

Haydar alifika asubuhi yake, na hakukubali kuketi. Huku kwetu mgeni akikataa kuketi na kukataa chai, amekuja na ubaya.

"Siku kumi ni za serikali," alisema. "Hizo tunaziheshimu. Ya kumi na moja ni yetu. Nataka nisikie bunduki."

"Utaisikia," alisema Dursun.

"Maana kondoo ni wa watu, Dursun. Watu hawawezi kumpa kundi mtu mwenye mbwa mla watoto. Na mtoto mwenyewe wako! Angekuwa wa mwingine leo tungekuwa tunaongea vingine."

"Mwenyekiti, nimesema utaisikia."

"Mimi najua utamwonea huruma. Wachungaji mna udhaifu huo. Mnalala na mbwa huko juu mpaka mnanuka pamoja." Akavuta pua yake kidogo, kama kwa bahati mbaya.

Bibi Sultan, aliyekuwa mlangoni, hakumjibu Haydar. Alimgeukia mwanawe. "Umemsikia? Baba yako hajawahi kuambiwa ananuka."

Duman alikuwa amefungiwa kwenye zizi la mawe lisilo na paa, nyuma ya nyumba. Dursun hakumsogelea. Bakuli lake lilisukumwa ndani kwa ufagio. Kazi hiyo nayo iliangukia kwa Yeter, na siku ya kwanza alimsukumia uji huku akimtukana matusi ambayo bi harusi wa nyumba ile hakudhaniwa kuyajua. Mbwa alingoja aondoke ndipo ale. Siku iliyofuata hakumtukana. Alikaa mbali, juu ya jiwe, mgongo nusu umemgeukia, akamtupia kipande cha chapati. Duman alikitazama, akamtazama yeye, akakichukua na kurudi kona yake. Yeter hakumwita wala hakunyoosha mkono. Baadaye mbwa alikuwa anakuja mwenyewe mpaka mguuni pake kunusa kiatu, mkia uko chini na umelegea, na siku ambazo hakutaka kuja hakuja, na hakuna aliyemlazimisha. Kitu kimoja Yeter alikiona kila siku: mbwa alikunywa maji akipinda shingo upande mmoja.

Dursun alimkuta mkewe hapo. "Unamfuga upya? Kesho kutwa namuua."

"Muue."

"Mbona unamlisha chapati?"

"Ana shingo mbovu. Anakunywa maji hivi." Akapinda shingo.

"Yeter, amemuuma mwanao!"

Yeter alisimama. Hakuwahi kumpandishia mumewe sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye ninayemlaza mtoto. Nikiona ule mkono natamani nichukue shoka nikammalize mwenyewe, nisingoje bunduki yako. Lakini uongo sitasema. Mbwa alikwambia. Alinguruma, ukampiga. Akanguruma tena, ukampiga mpaka majirani wakashangilia. Sauti ikamwisha, akasema kwa pua na kwa macho, tukacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, ili mama yako asinione nimenuna. Aseme kwa kitu gani tena? Kilibaki kimoja."

"Nyamaza," alisema Dursun.

Yeter alimtazama. "Basi nipige na mimi, ninyamaze."

Dursun hakuwahi kumpiga mkewe, wala hakumpiga siku hiyo. Aligeuka akaenda, na chakula cha jioni hakukigusa.

*

Siku ya Haydar ilipofika, Dursun alimchukua Duman kwa kamba mpaka nyuma ya mwinuko, mahali ambapo nyumba hazionekani. Mbwa alikuwa mzima, hana kichaa. Alitembea kando ya mguu wa bwana wake kama walivyotembea miaka yote, akinusa upepo.

Kola ilikuwa ya kuvuliwa kwanza. Chuma kile kilikuwa cha baba yake Dursun, kimevaliwa na mbwa watatu kabla ya Duman, na huku kola haizikwi. Huvuliwa na kutundikwa mpaka apatikane mwingine. Dursun aliegemeza bunduki kwenye jiwe, akainama, akapeleka mkono shingoni mwa mbwa.

Duman alipiga miayo.

Ilikuwa asubuhi, na mbwa alikuwa amelala usiku kucha. Dursun alisita. Akapeleka mkono tena. Mbwa akajilamba pua, akageuza uso, ukingo mweupe ukatokea machoni, mwili ukakauka kuanzia mabega hadi mkia. Wakiwa vilima viwili mbalimbali, Dursun angeisoma habari hiyo bila kuuliza mtu. Sasa ilikuwa chini ya mkono wake, na ndiyo kwanza aliiona. Aliurudisha mkono. Mbwa akashusha pumzi.

"Wapi?" Dursun aliuliza. "Ni wapi, mwanangu?"

Alikaa chini kwenye nyasi. Mfukoni alikuwa na mkate aliofungiwa na mkewe. Alisogeza mkono karibu kidogo, akauondoa, akatoa kipande cha mkate. Akausogeza tena. Uso ulipogeuka pembeni alisimama, uliporudi alianza upya. Jua lilipanda, na huko chini Haydar alikuwa amesikiliza mpaka chai yake imepoa. Mwishowe Duman mwenyewe alikiweka kichwa chake juu ya goti la Dursun, miba na yote, na Dursun akaukata kwa kisu, polepole, mkanda wa ngozi ulioifunga kola.

Mwiba wa tatu nao ulikuwa umepinda, ila wenyewe ulipindia ndani. Ulikuwa umezama nyamani chini ya manyoya, na palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, usaha na funza, mahali pale pale ambapo mtoto alizoea kukumbatia. Ulikuwa humo tangu baridi, tangu usiku wa mbwa mwitu, watu walipoihesabu miba miwili ya nje na kumnunulia Dursun chai.

Dursun aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mwanadamu. Alilia, na hakujifuta.

*

Alishuka na mbwa nyuma yake, bunduki begani, kola mkononi. Haydar alikuwa amesimama mbele ya mkahawa pamoja na wenzake.

"Sijasikia kitu," Haydar alisema.

Dursun aliweka kola juu ya meza, katikati ya vikombe. Usaha ulikuwa bado mbichi kwenye mwiba. "Huu ulikuwa shingoni mwake. Binti yangu aliugusa."

Wanaume walitazama. Mmoja alisukuma kikombe chake mbali.

"Pole yake," alisema Haydar. "Nani hana kidonda? Mtoto kaumwa, Dursun. Na kesho atauma nani bila kunguruma?"

Swali lilikuwa la haki, na Dursun alilijibu kwa haki. "Yeyote atakayemgusa panapouma. Hawezi kuonya tena. Mimi ndiye niliyemtoa sauti, kwa fimbo, na nyinyi mkanisifu. Labda itarudi, labda isirudi. Sitamuua kwa kosa langu."

"Basi kundi atapanda nalo mpwa wangu."

"Apande nalo."

Haydar hakutegemea jibu hilo. Mpwa wake hakuwa na mbwa, na jambo hilo kila mtu pale alilijua, lakini mwenyekiti akishasema amesema. Dursun alibaki na kondoo wa nyumba chache, wengi wao wa wajane waliokuwa hawaogopi maneno ya Haydar.

Nyumbani Bibi Sultan alimlaani mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Yeter naye hakumpokea mbwa kwa furaha. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akaenda kuchemsha maji ya chumvi, na aliporudi alisema, "Ukuta wa zizi asiuvuke. Selvi asifike upande wake, wala yeye wa kwetu. Mimi bado sijamsamehe."

"Sawa," alisema Dursun.

"Na atakapoanza kunguruma, mtu asimguse."

"Sawa."

Jioni ile ilikuwa zamu ya kubadilisha bendeji ya Selvi. Kazi hiyo alikuwa akiifanya Yeter, lakini mikono yake ilikuwa imejaa usaha wa mbwa na alitaka kuoga kwanza, basi Dursun akachukua shashi na dawa. Mtoto alinyoosha mkono wake bila kuambiwa. Shashi ya zamani ilikuwa imegandia nyuzi. Dursun alivuta kidogo.

"Mtazame," alisema Bibi Sultan, akimsogelea mjukuu kwa mapenzi. "Simba wangu! Tangu aumwe, chozi moja halijamtoka humu ndani. Ndiyo maana nampenda. Mtoto wa mchungaji halii."

Selvi alikuwa ameugeuza uso wake ukutani. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni, mwili mzima umekauka, na pumzi ameizuia. Dursun aliiachia shashi.

"Selvi. Inauma?"

Mtoto alimtazama bibi yake kwanza. Akatikisa kichwa kukataa.

"Hakuna wa kukugombeza. Niambie. Inauma?"

Selvi alingoja kidogo kuona kama ni kweli. Ndipo midomo ikampinda, na kilio cha siku zile zote kikamtoka kwa mpigo, kikubwa mno, kikapita dirishani mpaka mkahawani kwa Haydar.

"Mnyamazishe!" Bibi Sultan alisema kwa hofu. "Watu watasikia! Dursun, mnyamazishe mtoto!"

"Mwache, mama," alisema Dursun. "Namsikiliza."